Jiwe la Zambarau Linaloyeyuka: Namna ya Kuzitambua na Kuzithamini Salfeti za Chuma

Mtu anaposhuka kutoka vilimani na kuingia Musaga, kusini mwa jiji la Bujumbura, akiwa na jiwe la rangi ya zambarau alilolifunga katika kitambaa, swali lake huwa moja tu: lina thamani gani? Atawauliza wafanyabiashara, atawauliza madereva wa magari yaendayo mipakani, na asipopata jibu atamwendea askari: "Afande, wewe unaona mengi, hili ni jiwe gani?" Somo hili limeandikwa kwa ajili yake, na zaidi kwa ajili ya yule anayetaka kulinunua kutoka kwake. Katika biashara ya mawe, anayepoteza kiwanja au karo za watoto aghalabu si yule aliyeliokota jiwe. Ni yule aliyelinunua kwa kuambiwa kuwa ni nadra.

Tuanze na neno hilo, kwa kuwa ndilo linalofanya kazi kubwa katika ulaghai. Watu wa Bujumbura wameyasikia "madini adimu" ya Gakara, kusini mwa jiji, ambayo yalichimbwa tangu enzi ya ukoloni wa Wabelgiji, yakaanza kuchimbwa upya mwaka 2017, kisha shughuli zikasimamishwa mwaka 2021. Jina hilo ni la kundi maalumu la elementi 17 zinazotumika katika sumaku zenye nguvu, katika vioo na katika mitambo ya umeme. Si sifa ya kila jiwe lisiloonekana mara kwa mara. Tena, baadhi ya elementi hizo si adimu hata kidogo: seriumu iko katika ganda la dunia kwa wingi unaokaribia ule wa shaba. Kwa hiyo mtu anaposema, "Hili ni madini adimu kama yale ya Gakara," huku ameshika kipande cha salfeti ya chuma, amechanganya mambo mawili yasiyohusiana, ama kwa kutojua ama kwa makusudi.

Salfeti ya chuma ni nini, basi? Ni chumvi inayofanyika pale chuma, salfa na oksijeni vinapoungana, pamoja na maji yaliyofungwa ndani ya fuwele zake. Mama yake mara nyingi ni pairiti, lile jiwe la manjano linalong'aa ambalo limewadanganya wengi wakadhani wamepata dhahabu. Pairiti ikikaa gizani, mbali na hewa, hutulia miaka mamilioni. Ikifunuliwa na jembe au na baruti, ikapata hewa na unyevu, huanza kuoza. Huko kuoza ndiko kunakozaa tindikali na chumvi za rangi nyingi: ya kijani iliyochanganyika na buluu iitwayo melanteriti, ya manjano iitwayo jarositi, nyeupe kama unga wa muhogo, na mara chache sana ya zambarau, iitwayo kokimbiti. Jina hili la mwisho limetokana na Coquimbo nchini Chile.

Melanteriti si ngeni kwetu kama jina lake linavyosikika. Vidonge vya kuongeza damu ambavyo mama mjamzito hupewa katika kituo cha afya mara nyingi huwa na salfeti ya chuma ya ukoo huohuo, iliyotengenezwa kiwandani na kusafishwa. Viwanda huipata kwa tani nyingi kama mabaki ya kusafisha chuma cha pua na ya kutengeneza rangi nyeupe ya kupakia kuta. Huitumia kusafisha maji au huiuza kwa bei ndogo kwa wakulima. Na msomaji wa pwani anayeukumbuka mrututu, ile dawa ya buluu ya vidonda, ajue kwamba huo ni salfeti ya shaba, dada yake kabisa. Hapo tayari tumepata jibu la nusu ya swali la thamani. Kama kitu, salfeti ya chuma ni bidhaa rahisi. Kinachoweza kuwa na bei ni fuwele, yaani umbo lililokua lenyewe ardhini, zima, safi, na la aina isiyoonekana kila mahali.

Kokimbiti ndiyo inayostahili jina la nadra, na ndiyo inayoleta mashaka makubwa zaidi, kwa sababu inafanana na amethisto. Rangi yake ni zambarau hafifu, umbo lake ni nguzo fupi ya pande sita, nayo huangaza mwanga ukipita ndani yake. Hupatikana hasa katika majangwa ya Chile kaskazini na katika migodi ya Peru. Hupatikana pia katika vina vya migodi ya zamani. Sababu ni moja: chumvi hii huyeyuka majini. Inahitaji mahali pakavu ili ikue na ibaki. Fikiri sasa juu ya mvua za Burundi, kuanzia Septemba hadi Mei pamoja na mapumziko mafupi katikati. Mtu akikuambia kwamba ameokota fuwele kubwa ya kokimbiti katika mchanga wa mto, huna haja ya kupima lolote. Mto ungekwisha kuinywa. Katika nchi zetu zenye mvua, salfeti za chuma huonekana zaidi kama ukoko mwembamba juu ya kuta za mashimo ya machimbo wakati wa kiangazi, na mvua ya kwanza huufuta.

Mfano mkubwa ulio karibu nasi uko magharibi mwa Uganda, chini ya milima ya Ruwenzori, si mbali na mpaka wa Kongo. Mgodi wa shaba wa Kilembe ulifanya kazi tangu mwaka 1956 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Shaba ilipelekwa kuyeyushwa Jinja, na pairiti yenye kobalti ikabaki imerundikwa Kasese, karibu tani milioni moja. Mvua ikanyesha juu ya rundo lile mwaka baada ya mwaka. Pairiti ikaoza, tindikali ikateremka hadi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Malkia Elizabeth, na mahali ilipopita majani yakafa, pakabaki uwanda mtupu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kiwanda kilianza kuishughulikia pairiti hiyo kwa kutumia bakteria wanaoila, ili kutoa kobalti. Jambo la kuzingatia ni hili: kilichotafutwa kilikuwa kobalti. Chuma na salfa, ambavyo ndivyo vinavyounda chumvi tunazozizungumzia, vilikuwa mzigo wa kuondolewa kwa gharama. Kama chumvi za rundo la tani milioni moja hazikuwa hazina kwa mtu yeyote, gunia moja la unga wa manjano linalopitishwa usiku haliwezi kuwa hazina.

Ama kuhusu kutambua, vipimo vinavyofaa ni vichache na havihitaji maabara. Kimoja tu tunakikataza kabisa, nacho ni kuonja. Vitabu vya zamani viliwaambia wanafunzi waonje chumvi za ardhini, na baadhi ya wachimbaji bado hufanya hivyo. Machimbo yenye pairiti aghalabu huwa na aseniki pia, nayo ni sumu. Hata salfeti ya chuma iliyo safi humdhuru mtoto mdogo. Watoto waliomeza vidonge vingi vya kuongeza damu vya mama zao wamefariki dunia. Jiwe la namna hii lisiwekwe dirishani wala mezani ambako mtoto anaweza kulifikia akidhani ni peremende.

Kwanza, ugumu. Chukua ncha ya waya wa shaba uikwaruze kwenye upande usioonekana wa jiwe. Kokimbiti na melanteriti zitachubuka. Melanteriti hata ukucha utaiacha na alama. Amethisto haitaguswa, bali yenyewe itakwaruza kioo cha chupa. Kipimo hiki peke yake humaliza ubishi mwingi, na twashangaa ni mara chache kiasi gani wanunuzi hukikumbuka kabla ya kutoa fedha.

Pili, uzito ukilinganishwa na ukubwa. Hapa wengi huharibu jiwe kwa kulitumbukiza majini kama wafanyavyo kwa dhahabu. Tumia mafuta ya taa, mbali na moto, kwa kuwa salfeti haziyeyuki ndani yake. Pima jiwe likiwa kavu. Kisha lining'inize kwa uzi ndani ya mafuta, lisiguse chombo, ulipime tena. Tofauti ya vipimo viwili igawanye kwa 0.8, na utapata ujazo wa jiwe. Kwa mfano, jiwe lenye gramu 42 hewani na gramu 26 ndani ya mafuta lina tofauti ya gramu 16. 16 ukigawanya kwa 0.8 ni sentimita za ujazo 20. Na 42 ukigawanya kwa 20 ni 2.1. Hiyo ndiyo namba ya kokimbiti. Amethisto ya ukubwa uleule ingekuwa na gramu 53, kwani namba yake ni 2.65. Mizani ya muuza dhahabu inatosha kwa kazi hii, mradi iwe imekaguliwa.

Tatu, chai. Kipimo hiki ndicho tunachokipenda kuliko vyote kwa kuwa kila nyumba inacho. Chukua punje ya jiwe iliyo ndogo kama nusu ya mchele, iyeyushe katika kijiko cha maji ndani ya kikombe cha plastiki kisichotumika tena jikoni, kisha dondoshea chai kali isiyo na maziwa wala sukari. Chai ya Teza au ya Rwegura itafaa vilevile. Kama ni salfeti ya chuma, maji yatageuka kuwa meusi yenye kuelekea buluu. Wino wa waandishi wa karne nyingi, huko Ulaya na katika nchi za Kiislamu, ulitengenezwa kwa kanuni hiyohiyo: salfeti ya chuma pamoja na maji makali ya mimea. Punje ya amethisto haitayeyuka kamwe, wala chai haitabadilika.

Ikiwa jiwe ni la buluu na kijani, na unashuku kwamba ni mrututu na si melanteriti, tumbukiza msumari safi katika maji yake. Mrututu utauvika msumari ngozi nyekundu ya shaba kwa dakika chache. Melanteriti haitafanya hivyo.

Walaghai nao wamesoma. Fuwele nzuri za zambarau zinaweza kukuzwa kwenye chupa kwa muda wa wiki chache kutokana na dawa za maabara, na hapo ndipo macho ya mnunuzi hudanganyika, kwa kuwa fuwele hizo ni za kweli, ila hazikutoka ardhini. Zinazokuzwa mara nyingi ni shabu ya kromi, yenye zambarau iliyokoza karibu na weusi, na shabu ya chuma, ambayo zambarau yake ni hafifu. Ya kwanza haitageuza chai kuwa nyeusi. Ya pili itaigeuza, na hapo kipimo cha chai hakitoshi, itazame sura. Shabu hukua katika umbo la nyuso nane za pembetatu, mfano wa piramidi mbili zilizogandamana kwenye vitako vyake, hali kokimbiti ni nguzo fupi ya pande sita. Tena fuwele ya ardhini karibu kila mara imeshikamana na mwamba wake, au na chumvi nyingine za manjano na nyeupe zilizoota pamoja nayo. Fuwele iliyo peke yake, safi pande zote, isiyo na jeraha la kung'olewa mahali popote, iulizwe maswali mengi.

Tukija sasa kwenye bei, msomaji asitegemee kwamba tutamtajia namba moja. Hakuna soko la jumla la kokimbiti wala bei ya kilo. Wanunuzi wake ni wakusanyaji wa mawe, majumba ya makumbusho na vyuo, nao hununua kipande kimoja kimoja. Kipande kidogo kilicho kizuri huuzwa nje kwa makumi ya dola, pengine mamia machache kikiwa bora sana. Anayekutajia maelfu kwa maelfu ya dola kwa jiwe lisilofika ukubwa wa ngumi anakuuzia ndoto. Na hata bei hiyo ndogo husimama juu ya masharti matatu ambayo huvunjika kwa urahisi: fuwele iwe nzima, iwe haijaharibiwa na hewa, na pahali ilipotolewa pajulikane.

Sharti la hewa ndilo linalowashinda wengi. Melanteriti ikikaa mahali pakavu hupoteza maji yake. Rangi ya kijani hufifia na fuwele huanguka kuwa unga mweupe, na hakuna anayeweza kuirudisha. Kokimbiti, kinyume chake, huteseka kwa unyevu: hulowana, hutoa majimaji yenye tindikali, na majimaji hayo hula karatasi, hula kitambaa, hula hata kibandiko chenye jina lake. Hewa ya Bujumbura kando ya ziwa, wakati wa masika, si rafiki yake. Jiwe la namna hii halifungwi katika pamba wala gazeti. Huwekwa katika chupa ya kioo au ya plastiki yenye kifuniko kinachobana. Mtu aliyelitunza jiwe mfukoni kwa miezi sita akisubiri bei ipande amekuwa akitazama bei ikiyeyuka.

Sharti la mahali ndilo linalotuhusu sisi polisi, na hapa biashara na sheria zinakutana kwa namna ambayo wachache huiona. Mkusanyaji wa mawe aliye mkweli hanunui jiwe lisilo na asili. Kwake, fuwele isiyojulikana ilitoka shimo gani, katika mlima gani, lini na kwa mkono wa nani, ni kama cheti cha shule kisicho na jina la shule. Na swali hilohilo ndilo analouliza askari wa mpakani Gatumba au Kobero. Kanuni ya Madini ya Burundi, iliyotungwa mwaka 2013 na kurekebishwa mwaka 2023, inataka idhini kwa anayechimba, anayenunua na anayesafirisha. Kwa hiyo anayeificha asili ya jiwe ili alipitishe mpaka hupoteza mara mbili: mbele ya sheria jiwe linakuwa kielelezo cha kosa, na mbele ya mnunuzi limekwisha kuwa jiwe tupu.

Kuna hati moja ambayo walaghai hupenda kuitaja, nayo ni cheti cha Maziwa Makuu. Mkutano wa Kimataifa wa Kanda ya Maziwa Makuu, wenye makao yake hapa Bujumbura, uliweka utaratibu wa vyeti baada ya wakuu wa nchi kukutana Lusaka mwezi Desemba 2010, ili kuzuia madini yasigharimie vita. Utaratibu huo umekusudiwa madini manne: dhahabu, bati, koltani na wolframi. Salfeti ya chuma haimo. Anayekuonyesha cheti hicho kama uthibitisho wa jiwe la zambarau amekuonyesha karatasi isiyolihusu, hata kama karatasi yenyewe ni halali. Vivyo hivyo kwa wanaosema, "Tukivuka tu, Tanzania kuna soko." Ni kweli kwamba Tanzania ilianza kufungua masoko ya madini mwaka 2019, la kwanza likiwa Geita. Lakini masoko hayo ni ya wachimbaji na wafanyabiashara wenye leseni za nchi hiyo, si mahali pa kuyapatia makaratasi mawe yaliyoingia kwa njia za panya.

Lipo jambo jingine, na kwa maoni yetu ni zito kuliko bei. Mahali penye ukoko wa manjano na kijani juu ya mwamba pana pairiti inayooza, na maji yatokayo hapo yana tindikali. Katika mgodi wa Richmond huko California, ambako chumvi hizi huota kwa wingi usio wa kawaida, watafiti walikuta maji makali kuliko tindikali ya betri ya gari. Machimbo yetu madogo ya dhahabu, kama yale ya Muyinga na Cibitoke, hayajafanana na hayo, ila kanuni ni ileile. Kijito ambacho mawe yake yamevaa rangi ya chungwa, ambacho vyura wamekihama na chini yake hamna konokono, si cha kuchotea maji ya kunywa wala ya kunyweshea ng'ombe. Kuyachemsha maji hayo hakusaidii, kwani moto huua vijidudu tu. Tindikali na metali hubaki. Anayeona hali hiyo amjulishe kiongozi wa mtaa au wa kilima siku hiyohiyo, hata kama yeye mwenyewe ndiye aliyechimba. Na watoto wasiingie katika mashimo ya zamani kutafuta fuwele za rangi. Kuta zilizolainishwa na tindikali huporomoka bila kutoa sauti ya kuonya.

Aliye na jiwe analodhani ni la aina hii afanye hivi. Alitie katika chupa iliyo kavu, aifunge. Nje ya chupa, si ndani, abandike karatasi yenye jina la kilima na shimo, tarehe, na jina la aliyelitoa. Kisha alipeleke kwa Ofisi ya Burundi ya Madini na Machimbo, ambayo ndiyo yenye wataalamu. Kwa ndugu zetu wa upande wa Tanzania ni Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, Dodoma, na kwa walio Uganda ni idara ya jiolojia na migodi iliyoko Entebbe. Kituo cha polisi hakipimi mawe wala hakitoi bei, na askari anayefanya hivyo anavuka mipaka ya kazi yake. Tunachoweza kufanya ni kupokea malalamiko ya aliyetapeliwa. Mlalamikaji aje mapema, na ajapo alete jiwe lenyewe likiwa katika chupa, ujumbe wa simu alioandikiana na muuzaji, na karatasi yoyote aliyopewa, hata ile anayoionea haya.